Mazungumzo ya Dar iliyopotea yaleteni Kariakoo, Jumapili, kwa Kiswahili

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua wenzangu wengi wanautumia kulalamikia maji na mashimo barabarani na mimi leo nakuja na habari za makumbusho, ila naomba nisikilizwe kwanza halafu ndo mtu agune.

Siku hizi hapa Dar kuna mtindo mzuri wa majumba ya makumbusho na vituo vya utamaduni kuandaa mazungumzo ya wazi, kiingilio bure, mtu anakuja na projekta anaonyesha picha za mji wa zamani, hapa palikuwa nini, pale alijenga nani, hili lilibomolewa lini, kisha maswali. Nikipata mwanya huwa naenda. Ni kitu kizuri sana na sitaki mtu asome barua hii akasema huyu mzee kazi yake kuponda. Shida yangu ni wanaoyasikia. Yanafanyika katikati ya wiki jioni, saa ambayo mtu wa Mbagala anagombania gari, tangazo linatoka Insta tu, na mzungumzaji anapiga Kiingereza mwanzo mwisho. Ukigeuka kuangalia viti vya nyuma unaona wageni, wanafunzi wanaosomea uchoraji ramani za majengo, na sisi wazee wawili watatu tusio na kazi ya maana saa hizo. Sasa huo mji uliopotea tunamwelezea nani, wakati waliopotelewa wenyewe wako kwenye daladala?

Katika jumba moja la makumbusho, sitalitaja, ilionyeshwa picha ya mtaa wa Kariakoo wa zamani, nyumba za Kiswahili zile zenye baraza mbele na ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Mzungumzaji kaeleza vizuri habari za vipimo na kuta za udongo na miti. Ikafika zamu ya maswali, babu mmoja wa mtaa wa Gerezani akanyoosha mkono, akapewa maiki, akaanza kwa Kiswahili: kwenye baraza kama ile alikuwa anakaa nani, kahawa inauzwa saa ngapi, msiba ukitokea wanawake wanapita mlango upi, uani kulikuwa na mti gani. Ukumbi mzima umetulia. Kijana mwendesha shughuli akamkata, "mzee wangu, swali tu tafadhali, muda umetutupa mkono". Babu akasema sina swali mwanangu, akarudisha maiki akakaa. Yaani watu wametoka majumbani kuja kusikiliza historia ya Kariakoo, Kariakoo yenyewe imesimama na miguu yake miwili, wanaiambia ikae. Simlaumu yule kijana, kapewa ratiba anaifuata. Nailaumu ile ratiba.

Ninachoomba basi ni kwamba mazungumzo haya yatoke ndani, yaende mitaani kwenyewe, siku ya Jumapili asubuhi, kwa Kiswahili, na wazee wa mtaa wawe ndo wazungumzaji na msomi awe wa kuongezea. Na yafanyike kabla nyumba haijabomolewa, maana mpaka sasa mengi ni ya kulilia kilichokwisha kuzikwa.

Mtu atauliza huko Kariakoo kuna historia gani zaidi ya maduka ya simu na mabegi. Haya, tuanze na vibao vya mitaa tu. Watu wanapita Mtaa wa Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti, wanaulizia bei ya vitenge na spea. Narung'ombe na Mahiwa na Tandamti ni sehemu za kusini kule, upande wa Kilwa na Lindi, ambako mwaka 1917 Mwingereza na Mjerumani walipigana vita vikali sana, na waliokuwa wanapigana na kubeba mizigo kwa sehemu kubwa ni Waafrika. Na Kariakoo yenyewe jina limetoka kwenye kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kwa sababu Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliweka kambi ya wapagazi wao hapo, kwenye eneo ambalo Mjerumani alikuwa ameshaanza kulipangia mji wa Waafrika na kujenga jengo la soko. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu kwa maelfu, risasi ni sehemu ndogo tu, walikufa kwa njaa na kuharisha na malaria na kubebeshwa. Leo ukisimama Mtaa wa Mahiwa ukawauliza vijana wa pale Mahiwa ni nini watakwambia ni mtaa mzuri kwa biashara. Sio kosa lao, nani kawaambia? Walau bandiko moja ukutani hakuna!

Halafu nenda pale kwenye sanamu ya Askari, Samora na Azikiwe, tunapoelekezana kila siku "nishukie Posta mpya nikukute Askari". Ile ni ya mwaka 1927, na pale chini kwenye maandishi, ambayo yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, wapagazi wametajwa kwamba ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Aliyesimama juu lakini ni askari na bunduki, mpagazi hana sanamu. Na kabla ya huyo hapo mjini alikuwepo mwingine, Hermann von Wissmann, gavana wa Mjerumani, sanamu yake ilisimamishwa 1909, yeye kasimama juu na askari Mwafrika yuko chini anamwangalia. Waingereza waliing'oa, ikapelekwa Ujerumani na 1922 ikasimamishwa Hamburg kwenye chuo kikuu, ikakaa huko mpaka wanafunzi wa Kijerumani wenyewe walipoiangusha mwaka 1967 na tena 1968. Hiki kisa mimi nimekisikia kwenye mazungumzo ya makumbusho, kwa Kiingereza, nikakirudia kijiweni kwetu kwa Kiswahili, na nakwambia Mhariri watu waliacha kucheza bao. Bodaboda wakazima pikipiki. Mmoja akauliza, sasa wale wanafunzi walikuwa wanamjua kuliko sisi? Swali kama hilo kule ndani sijawahi kulisikia likiulizwa.

Nije kwenye sheria maana hapa ndo pananiuma. Sheria yetu ya mambo ya kale ni ya mwaka 1964, na ndani yake imewekwa tarehe: jengo lililojengwa kabla ya 1863 ni la kulindwa moja kwa moja. La baada ya hapo mpaka waziri alitangaze rasmi. Sasa piga hesabu. Mji wa Dar es Salaam umeanzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar miaka hiyohiyo ya 1860, kabla yake palikuwa kijiji cha Mzizima cha Wazaramo na Washomvi, na majumba ya mawe ya Sultani yakaanza kuinuka katikati ya miaka ya 1860. Maana yake karibu mji wote, wa Sultani, wa Mjerumani, wa Mwingereza, wa Wahindi na wa sisi wenyewe, umezaliwa umechelewa na hauna ulinzi mpaka mtu mmoja ofisini aamke akumbuke kusaini. Makaburi ya Kunduchi yale yenye minara na vyungu vya China vilivyopachikwa, hayo sawa, ya zamani, yanalindwa, na yanastahili. Ila nyumba ya Uhindini yenye balkoni za mbao na majina ya wenyewe yameandikwa juu ya paji la jengo pamoja na mwaka, hiyo mwenye hela akija na greda usiku asubuhi unakuta mabati yamezungushwa. Nani alijua habari ya 1863 hii? Mimi nilikuwa naamini kama walivyoamini wengi kwamba jengo la Mjerumani ni la serikali kulilinda basi. Hili jambo lilipaswa kuzungumzwa kila mtaa, tena na wabunge wakiwepo wamekaa viti vya mbele.

Kasri la Sultani Majid halipo. Alifariki 1870 mji haujakamilika na waliomfuata hawakuujali. Miongoni mwa machache yaliyobaki ya enzi zake ni lile Boma la Kale pale mbele ya bandari ya boti za Zanzibar, jengo jeupe la mawe ya matumbawe na boriti, ambalo watu wanapanga foleni mbele yake wakiwa na ndoo za urojo na hawaligeukii. Limekarabatiwa, na humo ndani wasanifu majengo wameweka kituo cha urithi wa majengo ya Dar, jambo la kusifu kabisa. Hoteli ya Kaiserhof ya Mjerumani ambayo baadaye ikaitwa New Africa, jengo lile la kwanza lilishavunjwa, jina tu ndo limebaki kwenye jengo jingine. Majumba ya sinema nani asiyeyajua kwa watu wa rika langu, Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, na ile Drive-in ya Msasani ambako Jumapili familia zinapakiana kwenye gari na vyakula, sasa hivi eneo lile ni ubalozi wa Marekani. Mambo ya sinema sitayarefusha, tukianza hapo ukurasa hautatosha na wazee watanitumia majina ya wacheza filamu wa Kihindi mpaka kesho.

Ninachotaka kurefusha ni hiki, kwamba kwenye hayo mazungumzo ukisema urithi uliopotea watu wanafikiria majengo ya Wajerumani na ya Wahindi peke yake. Vigae vyekundu, matao, milango ya nakshi. Nyumba ya Mswahili haimo. Magomeni Kota zile zilivunjwa mwaka 2011, kaya 644 zikatawanyika kila mtu alikojua, na baada ya miaka kumi na zaidi ndo maghorofa yakazinduliwa na Rais Samia Machi 2022 na wenyewe wakarudi. Sisemi wangeachwa kwenye vyumba vile vibovu, hapana, ghorofa wamepata na wanashukuru. Nasema kwamba katika miaka yote hiyo kabla na baada, kuna mtu alikwenda kuwakalisha wale kina bibi akawarekodi? Kota zile ndo zilipandisha watumishi wadogo wa serikali, wapiga muziki, wachezaji mpira, watu wa TANU. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliishi Magomeni, nyumba yake ipo na imefanywa makumbusho, wanafunzi wanapelekwa. Vizuri. Majirani zake je?

Na tusidanganyane pia kwamba Dar ya zamani ilikuwa pepo. Hapa ndo nawapa heko wasomi maana wao wanalisema wazi kuliko sisi wazee tunaopenda kusifia. Mji uligawanywa kwa rangi, Uzunguni upepo wa bahari na miti, Uhindini biashara, Waafrika nyuma huko Kariakoo na Ilala, na ile Mnazi Mmoja tunayofanyia sherehe iliachwa wazi makusudi iwe mpaka kati ya mji wao na wetu. Kuna wazee wakihadithia utadhani walikuwa wanatembea Acacia Avenue kama wanavyotaka. Acacia Avenue, wadogo zangu, ndo Independence Avenue, ndo Samora. Kichwele ndo Uhuru. New Street ndo Lumumba, na ndo mtaa ilipozaliwa TANU Julai 7, 1954. Pugu Road ndo Nyerere Road, na UWT ndo Bibi Titi. Mzee akikuelekeza kwa majina ya zamani usimcheke, hiyo ndo ramani yake.

Nitaje na soko. Soko Kuu la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika ukanda huu mzima, likafunguliwa 1975, na yale mapaa yake yaliyofunguka juu kama miavuli iliyogeuzwa na upepo hayakuwa urembo, yalikuwa yanakinga maji ya mvua yanashuka kwenye nguzo kwenda kwenye matangi. Mwafrika kakaa kafikiria mvua na jua na wingi wa watu, akachora. Wauzaji wa dagaa na mbegu walikuwa wanajua hilo? Mpaka usiku wa Julai 10, 2021 soko lilipoungua ndo magazeti yakaanza kuandika Amuli ni nani. Hayo ndo ninayoyaita kuzungumza mazishini. Mazungumzo yale yangefanyika humo sokoni mwaka 2019, watu wamekaa juu ya magunia, naamini hata wafanyabiashara wenyewe wangeanza kuuliza habari za nyaya na mitungi ya kuzimia moto, maana mtu hulinda kitu anachokijua thamani yake.

Sasa najua hoja zitakazokuja. Ya kwanza, Jumapili nani atakuja, watu wana mpira. Jibu ni rahisi, anzeni na mpira! Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zote mbili zimezaliwa kwenye mitaa hiihii, na mpaka leo makao ya moja yako Jangwani na ya mwingine Msimbazi, mwendo wa miguu tu. Tangaza kwamba Jumapili saa tatu asubuhi kuna mazungumzo ya wazee wa klabu zote mbili kuhusu mitaa ilivyokuwa, baraza ipi ilikuwa ya nani, halafu uone kama viti vitatosha. Utahitaji na polisi. Ukimaliza hapo mtu keshakaa, mwelezee na vilabu vya taarab, Egyptian na Al-Watan, na bendi za jazi, na ngoma za beni, na jinsi huko ndiko watu walikojifunzia kuchagua viongozi na kutunza fedha kabla hata ya siasa. Atasikiliza.

Hoja ya pili, msomi kaandika utafiti wake kwa Kiingereza, hawezi kuugeuza. Kama anaishi hapa na ananunua nyanya hapa ataweza. Na mgeni asiyejua kabisa awekewe mkalimani, mbona kwenye mikutano ya dini wahubiri wa nje wanakalimaniwa na watu wanalia machozi. Tena tuna mafaili ya utawala wa Mjerumani yamehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa pale Upanga, tangu 1997 UNESCO wameyaweka kwenye orodha yao ya kumbukumbu za dunia, yameandikwa Kijerumani. Angetokea mmoja akatusomea kwa Kiswahili barua moja tu ya mtu wa Dar aliyeshtakiwa au aliyenyang'anywa shamba, ukumbi ungejaa mpaka dirishani.

Ya tatu hela. Hapa sina utaalamu, ila maiki ya kukodi na spika mbili mtaani kwetu tunazikodi kwenye kila kigodoro, tena kigodoro cha mtu asiye na kazi. Wazee wapewe nauli na soda, na wasipewe dakika tano. Wapewe muda. Mzee haanzi na jambo, anaanza na mjomba wake, halafu mjomba ndo anakupeleka kwenye jambo. Kijana mmoja awe na simu anarekodi, aandike jina la mzungumzaji kwa idhini yake, mtaa na tarehe, na ile sauti isiishie kwenye simu, makumbusho iitunze na redio zipewe. Na kina bibi wasisahaulike maana kila nikienda ni wanaume tunaopokezana maiki, wakati anayejua nyumba ilivyokuwa ndani ni aliyekuwa anaifagia.

Kitu kimoja cha mwisho, hiki ni kwa wenye majumba ya makumbusho na halmashauri kwa pamoja. Kibali cha kubomoa kikiombwa kwa nyumba ya zamani, kabla hakijasainiwa iwekwe Jumapili moja ya mazungumzo mbele ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba awepo, majirani, waliowahi kupanga humo, mpiga picha, mwanafunzi mmoja wa usanifu aje na tepu ya kupimia. Simzuii mtu kujenga ghorofa kwenye kiwanja chake, ana watoto wa kusomesha, ingawa ghorofa zenyewe nazo tumeona ile iliyoporomoka Kariakoo Novemba 2024. Nasema asubuhi moja tu. Inawezekana mwenye nyumba akisikia humo ndani alilala nani na walikutana kina nani akabadili mawazo akakarabati, akaweka mgahawa akapiga hela. Inawezekana asibadili. Lakini hapo tutakuwa na picha, vipimo na sauti.

Kwa kuanzia napendekeza Mtaa wa Mahiwa au Narung'ombe, kwa hiyo habari ya wapagazi, asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa. Wakikubali, suala la viti lisiwape taabu, mtaani kwetu tuna viti vya plastiki vya chama cha kuzikana, turubai lipo na sufuria za chai zipo, watuambie tu tarehe wiki moja kabla ili tusigongane na shughuli ya mtu.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mzee wa Kijiweni, Ilala, Dar es Salaam